Aliyeshitakiwa kwa Fujo Uwanjani: Ajibu "Ni Kweli" au "Si Kweli"?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.

Vijana wetu wengi huvuka bahari kwenda Dar es Salaam zinapocheza Simba na Yanga katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaoingiza watu wapatao 60,000. Wapo wasiorudi na boti ya kesho yake. Ugomvi wa majukwaani au getini huwafikisha kituoni, kisha mahakamani, na hapo huuliza: nikisomewa shitaka, nijibu nini?

Kwanza tulijue shitaka lenyewe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, kifungu cha 89, inamtia hatiani mwenye kutumia lugha ya matusi, au kufanya ugomvi na vurugu, kwa namna inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani. Si lazima pawe na aliyeumia. Anayesema "mimi nilitukana tu" hajajitoa. Na kisharia, kudhihakiana na kuitana majina mabaya kumekatazwa katika Suratul-Hujurat, aya ya 11, na jezi haibadilishi hukumu hiyo. Wengine huuliza kama kesi yaweza kuhamishiwa kwa Kadhi huku Zanzibar. Haiwezekani: Mahakama ya Kadhi husikiliza ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, si jinai.

Sasa jawabu. Shitaka likishasomwa, mshitakiwa huulizwa kama ni kweli au si kweli. Hapa ndipo anapokwama mwenye kumkhofu Mola wake. Tuseme amesukuma watu, lakini shitaka linadai pia kuwa alirusha chupa na kumpiga mtu, na hayo hakuyafanya. Akisema "ni kweli" amejisingizia. Akisema "si kweli" anahisi amekanusha na lile alilolitenda.

Halazimiki kuchagua moja kati ya maneno mawili hayo. Aseme analolijua: "Nilisukuma, lakini sikurusha chupa wala sikumpiga mtu." Jibu lisilokuwa kukiri kulikokamilika mahakama huliandika kuwa ni kukana, na Jamhuri hubaki na wajibu wa kuthibitisha. Hilo halipingani na asili yetu ya fiqhi kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai.

Je, aliyetenda kweli analazimika kukiri? Hapa pana tofauti. Ikiwa kosa halikumgusa mtu, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamependekeza mja ajisitiri katika yaliyo baina yake na Allah. Anaweza kunyamaza, na mahakama huandika kuwa amekana. Kunyamaza si kusema uongo. Lakini akisimama kujitetea kwa kiapo, mlango huo umefungwa, hana ila kusema kweli. Na ikiwa amemuumiza mtu au kumharibia mali, hiyo ni haki ya mja, na kujisitiri hakuiondoi. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa imetutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu.

Mahabusu kuna ushauri maarufu: "Kubali tu yaishe, ulipe faini, uwahi boti." Ni ushauri mbaya. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Hubakiwa na uhalali au ukubwa wa adhabu tu. Kijana anaweza kubeba hatia ya jambo asilolifanya, kisha akakutana nayo siku anapotafuta kazi. Apate wakili kabla ya kujibu, akiweza.

Dhamana ya polisi haina malipo, na anayedai "chochote" anadai rushwa. Ama mdhamini, mara nyingi ni mjomba au jamaa wa Temeke aliyeweka saini kwa ajili ya undugu. Kurudi Unguja na kuruka dhamana ni khiyana juu yake, kwani yeye ndiye atakayetafutwa. Nauli ya kila tarehe ya kesi ni mzigo, lakini ni mzigo wa mshitakiwa.

Limebaki moja ambalo wengi hulisahau. Katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa hukumu inayotolewa kwa ufasaha wa hoja haihalalishi haki ya mwengine. Basi aliyevunja simu ya mtu kwenye msukumano bado anadaiwa, hata akiachiwa huru. Faini nayo huingia serikalini, haimfikii mwenye simu. Amtafute kupitia kituo kilichofungua jalada, amlipe na amtake radhi. Akikosekana baada ya kutafutwa kwa dhati, thamani hiyo itolewe sadaka kwa niaba yake, na siku akijitokeza na kuidai, alipwe.

Wallahu a'lam.