Soksi Hizi Ni za Kuuza?

Mtu akinipata nikifuma soksi haniulizi nimejifunzia wapi. Ananiuliza, "Hizo ni za kuuza?" Nikisema hapana, swali la pili liko tayari: "Sasa kwani unajisumbua na nini?" Nairobi ni mji wa hasla, na mkono usioleta pesa unaonekana umekaa bure. Sema ni hobi uone watu watakavyokuangalia, kama vile umewaambia unafuga farasi.

Nawaelewa. Mimi hufuma kwa sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili. Nne zinashika vitanzi 64 vinavyouzunguka mguu, ya tano ndiyo inayofanya kazi. Jozi moja hunichukua jioni nane au tisa, na pesa ninazolipia uzi zingeninunulia jozi kadhaa mpya pale mtaani. Kwa hesabu ya kawaida, hii ni hasara tupu.

Lakini swali la "za kuuza?" ni la zamani kuliko Nairobi yenyewe. Ukiifuata historia ya soksi utakuta ni historia ya saa za watu: nani alilipwa kwa saa hizo, nani alilazimishwa kuzitoa, na nani aliambiwa kwamba saa zake si kazi.

Tuanzie barani kwetu. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna soksi nyekundu za sufu zilizofukuliwa Oxyrhynchus, nchini Misri. Ni za kati ya karne ya 3 na ya 5. Kidole gumba kimetengewa chumba chake, ili mwenyewe aweze kuvaa kandambili juu yake. Yaani yule mwanafunzi anayetoka hosteli kununua mkate akiwa na soksi ndani ya slipas anaendeleza mtindo wa zaidi ya miaka 1,500.

Soksi hizo zilitengenezwa kwa sindano moja, karibu kama kushona. Ufumaji wa sindano mbili na zaidi ulikuja baadaye, na baadhi ya mabaki yake ya kale zaidi ni soksi za pamba kutoka Misri hiyohiyo, za karne kama ya 11 hadi ya 14. Zina rangi nyeupe na buluu ya nili, nyingine zikiwa na mapambo yanayofanana na maandishi ya Kiarabu. Kwa hivyo wale wanaoniambia naiga Wazungu, wapunguze.

Ujuzi ulipofika Ulaya ukawa biashara ya maana, na ya wanaume. Miji mingi ilikuwa na vyama vya mafundi wafumaji. Kijana aliingia akiwa mwanagenzi, akasota miaka kadhaa chini ya fundi mkuu kabla ya kuruhusiwa kusimama peke yake. Huko vijijini, wanawake, watoto na wazee walifuma soksi usiku na mchana ili wapate mkate. Hakuna aliyeiita hobi.

Mwaka 1589 Mwingereza mmoja wa Calverton, karibu na Nottingham, alitengeneza mashine ya kufuma soksi. Jina lake William Lee. Aliomba hataza kwa Malkia Elizabeth I, akanyimwa. Inasimuliwa kwamba malkia alihofia mashine hiyo ingewageuza wafumaji maskini kuwa ombaomba. Lee alihamia Ufaransa, akafia huko bila utajiri wowote, lakini ndugu yake akairudisha mashine Uingereza. Karne mbili baadaye eneo la Nottingham lilikuwa limejaa mashine hizo.

Hapo ndipo wanapoingia Waludaiti. Siku hizi mtu akikataa programu mpya ya simu anaitwa Mludaiti, kana kwamba watu wale waliogopa teknolojia. Wapi! Waliovunja mashine Nottingham kuanzia 1811 walikuwa wafumaji wa soksi, na mashine ndizo zilizokuwa zikiwalisha. Wengi walizikodi kutoka kwa matajiri, na kodi ilikatwa kwenye malipo yao hata wiki ambayo kazi ilikuwa haba. Muulize mwanaboda anayelipia pikipiki ya mwenyewe kila jioni, atakueleza hiyo hali vizuri kuniliko. Zaidi ya hapo, wenye mali walikuwa wameanza kukata soksi kutoka kwa kitambaa kipana na kuziunga kwa mshono. Zilikuwa rahisi, zilifumuka haraka, na zilivuta chini bei ya soksi nzuri. Waludaiti walikuwa wakipigania malipo na heshima ya kazi yao. Mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunja mashine. Mshairi Lord Byron alisimama kuipinga katika hotuba yake ya kwanza bungeni, na sheria ikapita hivyohivyo.

Kwa muda mrefu sindano za mkono ziliendelea kulisha watu pale ambapo mashine haikuwa imefika. Huko Dent, kaskazini mwa Uingereza, wafumaji walijulikana kwa kasi yao ya kutisha. Walifuma wakitembea, sindano moja imechomekwa kwenye kifaa cha mbao kiunoni. Niliposoma hilo sikuona ugeni wowote. Mama wa Ukambani anayesuka kiondo anafanya hivyohivyo. Anasokota uzi wa katani pajani, anasuka akienda sokoni, anasuka kwenye mkutano wa chama, anasuka akingoja gari. Saa hizo hakuna anayeziandika popote kwa sababu zimefichwa ndani ya shughuli nyingine. Kiondo kinapouzwa, bei inahesabu katani na rangi, na muda wa mama unaingia kama nyongeza ya bure.

Halafu ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Uingereza na Marekani watu walihimizwa kufumia wanajeshi soksi: akina mama, watoto wa shule, hata wanaume waliojeruhiwa. Haikuwa mchezo. Miguu ya wanajeshi ilioza ndani ya mahandaki yaliyojaa maji, na soksi kavu ingeweza kumwokoa mtu asikatwe mguu. Upande wetu, Waingereza wakipigana na Wajerumani, wapagazi kwa mamia ya maelfu walibebeshwa chakula na risasi, wengi wakitembea peku. Makumi ya maelfu walikufa, hasa kwa magonjwa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifanya jina hilo Kariokor. Miguu yao haikuwa kwenye mabango ya kuhimiza watu wafume. Leo ukienda soko la Kariokor kununua kiondo au viatu vya ngozi, unanunua kazi ya mikono mahali palipopewa jina na watu ambao hawakuwa na cha kuvaa miguuni.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau. Mwaka huohuo likazaliwa shirika la Maendeleo ya Wanawake, likiongozwa na wanawake wa Kizungu kwa msaada wa serikali. Vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma, kupika na usafi wa watoto. Yote mazuri, ila angalia ni lini na ni wapi. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja katika eneo la Mlima Kenya walihamishiwa kwenye vijiji vya kulazimishwa, na wanawake wakachimbishwa mahandaki. Katika hali hiyo, kuonekana klabuni ilikuwa pia njia ya kuonyesha kwamba huko upande wa msituni. Sindano na uzi, vitu visivyo na makosa yoyote, vikawa kipimo cha utiifu.

Bado, ujuzi ukishaingia mkononi hauulizi aliyeuleta. Baada ya uhuru Wakenya waliushika na kuufanyia mambo yao. Kwenye vibanda vya masoko mashine ndogo za kufumia zilianza kupiga kelele kila Januari, zikitoa sweta za shule: kijani ya shule hii, maruni ya ile. Karo nyingi za nchi hii zimelipwa kwa sweta.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kazi za mikono ziliingia darasani. Mama yangu ni zao la mfumo huo. Sindano zake za kwanza zilikuwa spoku za baiskeli, zimenolewa kwenye saruji ya veranda. Alifuma ili apate alama, na alipomaliza darasa la nane akaachana na sindano kabisa. Akiniona na uzi jioni huuliza, "Mwalimu anazikagua lini?" Ni utani, lakini ndani yake kuna kitu. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumwambia anaweza kufuma kwa sababu tu anapenda. Saa zake zilikuwa za mwalimu, halafu za mwajiri, halafu zetu.

Ndiyo maana nasema soksi zangu si za kuuza. Hizi ni saa ambazo nimezishika mwenyewe, na najua ni bahati. Lakini bahati hiyo isitufanye tusahau wanaouza.

Siku hizi Nairobi imejaa vijana wa krosheti: kofia, topu, mikoba, vishikizo vya funguo. Jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba soksi zina mashine tangu enzi za Lee, ila krosheti ya kweli mpaka leo haina mashine ya kiwandani. Hata ile topu uliyookota mtumba kwa soo mbili, kuna mtu mahali fulani aliyeivuta kitanzi kwa kitanzi kwa vidole vyake. Sasa jiulize, kama wewe umeinunua soo mbili baada ya kupita mikono ya wafanyabiashara wote hao, yeye alibaki na nini?

Rafiki yangu anauza kofia za krosheti. Moja humchukua saa sita, na uzi humgharimu shilingi 200. Juzi mteja aliipenda, akaijaribu, akajipiga picha nayo, kisha akasema, "Si uniwekee mia tatu basi, hii ni uzi tu." Ukitoa pesa ya uzi zinabaki shilingi 100. Gawanya kwa saa sita. Ni shilingi 16 na senti kwa saa moja ya mtu mzima mwenye ujuzi, mwaka huu, katika mji huu.