Gitaa la Benga Tunalo, Lakini Miguu Iko Wapi?

Wasee, kuna kitu kimenikera tangu wiki jana.

Nilikuwa kwa matanga huko Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Ohangla imewaka, kinanda kinalia, vumbi juu. Mara yule kijana wa mbele, miwani ya jua usiku wa manane, akasimamisha wimbo. Jamaa mmoja ametoka na noti mkononi. Kijana akainama mbele yake, akamsifu yeye, ukoo wake, mpenzi wake, hadi ng'ombe wa kwao. Watu wakapiga nduru, muziki ukarudi kwa kishindo.

Beshte yangu wa Nairobi akaniambia, "Hii ameiga kwa Wanaijeria, si unaona vile wanarushiana pesa?"

Nilicheka, lakini iliniuma. Kwa sababu hiyo kitu inaitwa pakruok, na ilikuwa hapa kabla kinanda hakijajulikana. Mpiga nyatiti alikuwa akisimamishwa hivyo hivyo. Unatoa chako, muziki unanyamaza, unajisifu mbele ya watu, kisha nyuzi zinaendelea.

Na hebu tuongee kuhusu huyo mpiga nyatiti. Anaketi kwa kigoda kifupi, chombo cha nyuzi 8 kiko chini mbele yake. Vidole vinachezea nyuzi. Kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, anagonga nayo ubao wa nyatiti. Kwa kifundo cha mguu kuna njuga, tunaziita gara. Na bado anaimba. Huyo ni bendi nzima kwa mtu mmoja! Ukimsikiliza umefumba macho, umekosa nusu ya shoo.

Sasa miaka ya 1960 vijana wa Nyanza wakashika gitaa la umeme. Mmoja wao alikuwa Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa 1940 Shirati, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Migori, upande wa Tanzania. Yeye na Shirati Jazz hawakupiga gitaa kwa kulikwaruza tu. Walidonoa noti moja moja haraka haraka, vile nyatiti inadonolewa. Besi ikaruka ruka. Waimbaji wakimaliza yao wananyamaza, magitaa yanakimbia peke yake, na hapo ndipo hata mzee wa mkongojo anaacha kiti. Hiyo ndiyo benga.

Halafu kuna Princess Jully wa Migori. Alikuwa akicheza densi katika Jolly Boys, bendi ya mumewe Prince Jully. Mumewe alipofariki 1997, yeye ndiye alishika usukani. Wimbo wake Dunia Mbaya uliongea kuhusu ukimwi wakati watu wengi walikuwa wananong'ona tu. Fikiria hiyo picha: mama amefiwa, yuko mbele ya bendi, kiuno kinacheza, mdomo unaonya. Wadada wanaoongoza bendi za ohangla leo wanatembea kwa barabara ambayo yeye alisaidia kuilima.

Kwa hivyo kuiga si dhambi. Hata huko Marekani, rock and roll ilikua hivyo. Chuck Berry alikuwa anachuchumaa na kutembea kama bata huku gitaa linalia. Miaka mingi baadaye Angus Young wa AC/DC akaifanya kama yake, na hakuna shabiki wa rock ambaye hajui ilitoka wapi. Jimi Hendrix kabla hajawa Hendrix alikuwa mpiga gitaa katika bendi ya Little Richard. Alisimama nyuma ya mtu anayejua kuwasha jukwaa, akasoma.

Lakini tofauti ni hii. Wao walipigwa picha. Elvis alipoenda kwa shoo ya Ed Sullivan Januari 1957, kamera zilimuonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu, ati kiuno chake kitaharibu watoto. Hata huko kufichwa kwenyewe kumehifadhiwa! Mtoto wa leo anaweza kuona kila kitu, akajua nani alianza na nani alifuata.

Sisi tulibaki na santuri. Santuri ilihifadhi gitaa, haikuhifadhi mguu. Tunajua Misiani alisikika vipi, lakini vile alisimama, vile aliwaangalia watu kabla gitaa la solo halijaingia, hiyo sehemu kubwa iko kwa vichwa vya wazee waliokuwepo. Na wazee wanaenda. Misiani mwenyewe alifariki 2006.

Ndiyo maana beshte yangu alidhani pakruok ni ya Naijeria. Sitamlaumu sana. Video za Lagos ziko kwa simu yake. Za kwetu za zamani ziko wapi?

Na wale wanaosema vijana wa kinanda wameua muziki, nao watulie kidogo. Misiani mwenyewe aliweka umeme mahali palikuwa na nyuzi za nyatiti. Kama angeogopa kubadilisha, benga haingekuwepo. Kijana wa Ndhiwa hakosei kutumia kinanda. Makosa ni yetu tukimpa Mnaijeria sifa za babu yake.

So hii ndiyo ombi langu. Ukienda ocha Desemba hii, iwe Rongo, Awendo, Mbita ama Sori, tafuta mzee mmoja aliyewahi kupiga nyatiti, orutu ama gitaa la benga. Muombe kwa heshima, umwachie kitu kidogo, kisha umrekodi. Na tafadhali usikaze kamera kwa uso pekee.

Shusha simu mpaka chini. Tuonyeshe miguu.