Ridhaa ya Mgonjwa: toka Nuremberg hadi Beni

Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg iliwahukumu madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili, ikaweka kanuni kumi. Ya kwanza ndiyo nzito: mtu asijaribiwe pasipo ridhaa yake huru. Mwaka 1997, mjini Oviedo, Baraza la Ulaya likathibitisha kwamba mema ya mtu hutangulia faida ya sayansi.

Kwetu Kivu ya Kaskazini kanuni hizo zilipimwa wakati wa Ebola. Tangu Novemba 2018 wagonjwa 681, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, waligawiwa kwa kura dawa nne. Agosti 2019 jaribio lilikatizwa, kwa kuwa mbili ziliokoa zaidi. Mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995.

Ridhaa iliombwa kwanza. Lakini mwenye homa kali, anayeogopa kufa, yu huru kiasi gani? Kwa maoni yangu, sahihi haitoshi. Mgonjwa wa Masisi au Walikale aelezwe taratibu, kwa Kihunde au Kinyanga, na aambiwe wazi kwamba akikataa atatunzwa vilevile.