Kompyuta iliyopigwa marufuku na tasnifu yangu ya akili mnemba

Hivi unajua kwamba Tanzania iliwahi kupiga marufuku kuingiza kompyuta nchini? Sikutanii. Kisa hiki nilikutana nacho nikiwa nyumbani Mbagala, nimekwama na tasnifu.

Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1968 ikaja ICL 1900, yenye nguvu zaidi. Mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ukaenda mrama: wataalamu wazawa walikuwa wachache mno, kazi ikategemea wageni, na hasara ikawa kubwa. Mwaka 1974, nchi nzima ikiwa na kompyuta 7 tu, marufuku ikatoka.

Tunayajua haya kwa sababu mtu aliyaandika. Klodwig Mgaya aliyaeleza katika kitabu cha Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilichotoka 1994, miaka 20 baada ya marufuku. Je, asingeandika?

Sasa nije kwangu. Nilitengeneza modeli ya kutabiri ni miradi ipi ya mifereji na barabara za mitaa, Temeke na Kinondoni, itachelewa. Matokeo ya kwanza yalinipa kiburi. Halafu nikagundua kuwa safu mojawapo ya data ilikuwa idadi ya barua za kuongezewa muda. Barua hizo hutoka mradi ukishaanza kuchelewa! Yaani modeli ilikuwa inachungulia majibu. Nikaiondoa safu ile, na modeli ikabaki karibu sawa na mtu anayesema tu, "Yote itachelewa."

Mwenzangu akaniambia, "Mzee, irudishe tu. Nani ataikagua?"

Nilishawishika, nisikudanganye. Majarida hupenda matokeo yanayong'aa. Mwaka 1979 Robert Rosenthal, mwanasaikolojia wa Marekani, alilipa jina tatizo hili: droo ya faili. Tafiti zenye matokeo mazuri huchapishwa, zilizobaki hulala drooni, na msomaji anaamini kila kitu kinafanya kazi.

Kwa hiyo ukisoma utafiti wa akili mnemba katika usimamizi wa miradi, uliza mambo matatu. Data hiyo ingepatikana siku mradi unaanza? Miradi iliyokufa njiani imehesabiwa? Modeli imeshindanishwa na makisio ya kawaida ya meneja mradi?

Maana halmashauri ikiiamini modeli mbovu, bajeti itaenda pasipostahili, na masika yakija maji yataingia ndani kwa watu. Hayatauliza tasnifu ilipata alama gani.

Mimi nimeandika yote, pamoja na ile safu na jinsi ilivyonidanganya. Matokeo yangu ni madogo, lakini atakayekuja baada yangu hatajikwaa pale pale. Wewe je, drooni kwako kuna nini?