Majini na Popokarimu: Kiswahili kilivyoingizwa katika michezo ya video

KATIKA mtaa wa Kibomet mjini Kitale, ukisikia vijana wakipiga mayowe ndani ya kibanda cha mabati, usidhani kuna ugomvi. Ni gemu tu. Majuzi nilisimama mlangoni mwa kibanda kama hicho kumchukua mjukuu wangu. Kwenye skrini, umati wa Waafrika wenye mapanga na mashoka ulikuwa ukimvamia Mzungu mwenye bunduki, huku ukifoka kwa Kiswahili.

“Babu, hao wabaya wanaongea kama sisi,” mjukuu akaniambia.

Kauli hiyo ilinichoma. Mwaka wa 2009, mwanafunzi wangu mmoja aliniletea suala hilo hilo ofisini. Nilimjibu kwamba chuo kikuu si mahali pa michezo ya watoto. Leo nakiri kwamba nilikosea.

Mizozo kuhusu maudhui ya michezo ya video haikuanza jana. Mwaka wa 1976 nchini Marekani, mchezo wa Death Race ulizua kelele kwa sababu mchezaji alipata alama kwa kugonga vijitu kwa gari. Desemba 1993, maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliongoza vikao vya Bunge la Seneti kuhusu Mortal Kombat na Night Trap. Mwaka uliofuata, watengenezaji wakaunda bodi yao ya kuainisha michezo kulingana na umri. Mnamo 2011, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba michezo ya video inalindwa na uhuru wa kujieleza, kama vile vitabu.

Kwetu Kenya, Mei 2017, Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB), chini ya Ezekiel Mutua, ilitangaza kupiga marufuku kilichoitwa Blue Whale, kwa hofu kwamba kiliwaelekeza vijana kujidhuru. Hofu ya wazazi ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, mamlaka ya bodi yenyewe yanatokana na sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura 222, iliyotungwa kabla ya uhuru, wakati ambapo hakuna aliyewaza kuhusu gemu.

Katika mizozo yote hii, swali limekuwa lile lile: je, damu imezidi? Ni swali la haki. Lakini kwa msomi wa Kiswahili, kuna swali la pili: ni nani anayesemeshwa lugha gani, na kwa nini?

Hebu turejelee mchezo alioutaja mjukuu wangu. Ni Resident Evil 5, wa kampuni ya Capcom ya Japani, uliotolewa Machi 2009. Picha zake za kwanza zilipoonyeshwa mwaka wa 2007, zilizua mjadala mkali wa ubaguzi wa rangi, kwa kuwa zilimwonyesha Mzungu akiua Waafrika kwa wingi. Mwanahabari N'Gai Croal wa jarida la Newsweek alikuwa miongoni mwa waliozikosoa waziwazi. Mjadala ulihusu rangi ya ngozi. Lugha iliguswa kidogo mno.

Wanakijiji hao, walioambukizwa vimelea, huitwa Majini, jina linaloelezwa kumaanisha pepo wabaya. Lakini Mswahili wa pwani anajua kwamba jini hana tabia moja. Yupo mwema, yupo mbaya, yupo wa baharini, yupo anayepungwa kwa ngoma. Utajiri huo wote umefinywa ukawa tusi moja. Isitoshe, kuna dude linaloitwa Bui Kichwa, jina lisilo hata kiunganishi, na jingine linaloitwa Kipepeo. Kisha lipo Popokarimu, zimwi kubwa mfano wa popo. Lo! Karimu kwetu ni mtu mwenye mkono wazi. Tukilifuata jina, hilo ni popo mpaji, anayewaalika wageni chakula cha jioni. Inaonekana mtu alifungua kamusi, akachota, akaondoka.

Je, gemu ni adui wa Kiswahili? La hasha. Mwaka wa 2005, Mmarekani Christopher Tin alitunga wimbo wa “Baba Yetu” kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Februari 2011 wimbo huo ulishinda tuzo ya Grammy, na ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa video kufanya hivyo. Kiswahili hicho hicho, katika chombo hicho hicho, kimewahi kuwa sala na kimewahi kuwa mbweko. Katika hali zote mbili, hatukuwa sisi tuliochagua.

Kwa hivyo marufuku peke yake haitoshi. Waliotengeneza Nairobi X mwaka wa 2015, kampuni ya Black Division Games, walionyesha kwamba Mkenya anaweza kubuni mchezo wake na kumpa shujaa sura yake. Idara zetu za Kiswahili zinafundisha riwaya, tamthilia na ushairi. Ziongeze uandishi wa maneno ya wahusika wa gemu na tafsiri yake. Bodi ya filamu nayo, inapopima damu, ipime pia lugha.

Tukisusa, watakuja wengine na kamusi, watuchagulie maneno. Mwacha chake mtumwa. Mjukuu wangu bado anasubiri jibu: mbona wabaya wanaongea kama sisi? Safari hii sitamwambia kwamba ni michezo ya watoto.