Yadi Nyingi, Pointi Chache

Vijana wetu waliohamishiwa Marekani wanatutumia video za ule mpira wa kule, wa kubebwa mikononi, wachezaji wamevaa kofia ngumu na mabega ya kuvimba. Swali la waliobaki huku ni lile lile: mbona wanasimama-simama? Wanasogea kidogo, wanaangushana, wanajipanga, wanasogea tena, halafu mwisho wa jasho lote unaambiwa hakuna pointi. Mimi nafanya kazi na vijana, kwa hiyo swali likanifikia. Nilipolifuatilia nikakutana na historia ya timu moja ya shule huko Pennsylvania. Nadhani sisi tuliotolewa kwetu tunapaswa kuijua, labda hata kuliko Wamarekani wenyewe.

Shule hiyo iliitwa Carlisle Indian Industrial School. Ilifunguliwa mwaka 1879 ndani ya kambi kuukuu ya jeshi, na mwanzilishi wake alikuwa afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt. Wanafunzi walikuwa watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani, wale ambao tulizoea kusikia wakiitwa Wahindi Wekundu. Kundi la kwanza lilitoka kwa Walakota wa Rosebud na Pine Ridge, miaka 3 tu baada ya watu hao kupigana na jeshi la Marekani kule Little Bighorn. Watoto walikatwa nywele, wakapewa majina mapya, wakakatazwa kusema lugha za mama zao. Pratt hakuficha nia yake: alitaka ule uenyeji ufe ndani ya mtoto, abaki mtu wa aina ambayo wazungu wangemkubali. Wengi waliugua na kufia huko huko. Makaburi zaidi ya 180 yalibaki kwenye eneo la shule, na tangu 2017 baadhi ya familia zimeanza kurudishiwa mabaki ya watoto wao.

Mpira uliingia hapo kwa maombi ya watoto wenyewe. Pratt aliupiga marufuku baada ya kijana mmoja kuvunjika mguu. Wavulana wakamfuata kumwomba, naye akakubali kwa masharti mawili: wasipige mtu ngumi hata kama wamepigwa, na baada ya miaka michache wawe wanaweza kuzishinda timu kubwa za nchi. Kwa maneno mengine, watoto walionyang'anywa karibu kila kitu waliambiwa wacheze kwa adabu kuliko wenye nchi, halafu pia washinde.

Sasa tuingie kwenye mchezo, maana bila hesabu hii historia haieleweki. Miaka ile timu ilipewa majaribio 3 ya kusogeza mpira yadi 5. Yadi ni pungufu kidogo ya mita. Mkifaulu, mnapewa majaribio mengine 3. Mkishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Uwanja ulikuwa na yadi 110. Kwa hiyo kufika mwisho ilikuwa safari, tena ya kupumzika njiani mara nyingi. Na safari yenyewe haina pointi hata moja. Unaweza kutembea yadi 60, ukamchosha mpinzani mpaka akashika magoti, ukakwama hatua mbili kabla ya mstari, na ubao ukaandika sifuri.

Mwaka 1896 pointi zilihesabiwa hivi: ukivusha mpira mstari wa mwisho, yaani tachidauni, unapata 4. Baada ya hapo unapewa nafasi ya kupiga teke mpira upite kati ya milingoti, unaongeza 2. Na ukipiga teke ukapita milingotini mchezo ukiendelea, unapata 5. Shikeni namba hizo.

Vijana wa Carlisle walikuwa na mbio, lakini wengi walikuwa wepesi wa mwili kuliko wanafunzi wa vyuo vikubwa. Hilo lilikuwa tatizo hasa karibu na mstari. Katikati ya uwanja mwepesi anafaidi: kuna nafasi, anazunguka, anapenya pembeni. Lakini ukikaribia mwisho nafasi inaisha. Mabeki hawana tena uwanja mkubwa nyuma yao wa kulinda, wote wanasogea mbele na kuwa ukuta. Tena sheria za wakati ule ziliruhusu wachezaji kumsukuma na kumvuta mwenzao aliyebeba mpira, lundo dhidi ya lundo. Hapo mwenye kilo ndiye mwenye neno. Kupata yadi 5 kwa majaribio 3 ni hesabu iliyompendelea mzito, na vyuo vyenye watu wazito ndivyo vilivyokuwa na sauti kwenye vikao vya sheria.

Msimu wa 1896 Carlisle walicheza na Princeton, Yale, Harvard na Pennsylvania, vigogo wanne wa mpira huo, ndani ya wiki chache. Walipoteza mechi zote nne. Lakini tazameni Harvard: 4–0. Ni tachidauni moja tu, hata teke la baada yake halikuingia. Timu ambayo karibu ndiyo kwanza imeanza kujifunza mchezo!

Mechi ya Yale, iliyochezwa New York mwezi wa kumi, ndiyo inayouma zaidi. Carlisle walifunga mapema, tachidauni na teke, pointi 6. Yale wakajibu na kupita. Wakiwa nyuma 12–6, kijana mmoja wa Carlisle akachomoka kwenye lundo la watu akakimbia mpaka akavuka mstari. Refa akasema hapana, alikuwa ameshapuliza filimbi, mchezaji alikuwa ameshakamatwa. Watazamaji, ambao wengi hawakuja kuwashangilia Wahindi, wakamzomea refa. Piga hesabu: 4 na 2 za teke zingefanya 12–12.

Na refa huyo alikuwa nani? William Hickok, mtu aliyesoma Yale. Tena msimu huo huo ndiye aliyekuwa kocha wa Carlisle. Ndiyo, umesoma vizuri. Vijana hawakuwa na mtu wao uwanjani, kwani hata aliyeitwa wao alikuwa wa upande ule. Walitaka kutoka uwanjani. Pratt akashuka akawabembeleza wamalize mechi, kwa sababu wakiondoka watu watasema wamekimbia. Wakarudi wakacheza. Matokeo yakabaki 12–6, na mpaka leo yameandikwa hivyo.

Nimekaa sana kwenye mechi hiyo moja kwa sababu inatuonyesha kitu. Tukisema timu inashindwa kugeuza safari kuwa pointi, haraka tunalaumu wachezaji: hawana utulivu, hawajui kumalizia. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna safari zinazofika kabisa, halafu mtu mwenye filimbi anasema hukufika. Sisi tuliokaa kwenye foleni za makaratasi tunaifahamu hali hiyo, sina haja ya kueleza.

Mwaka 1899 akaja kocha mpya, Glenn Warner, aliyeitwa Pop. Mtu huyu ana mengi mabaya, nitayafikia, lakini kwenye mpira alikuwa na akili. Aliona kwamba kama huwezi kuuvunja ukuta, basi ufanye ukuta usijue mpira uko wapi. Msimu wake wa kwanza Carlisle waliwapiga Pennsylvania 16–5, na mchezaji wao Isaac Seneca akaingizwa kwenye orodha ya wachezaji bora wa nchi nzima.

Mwaka 1903, dhidi ya Harvard, walifanya lile jambo ambalo Wamarekani bado wanalisimulia. Kipindi cha pili kinaanza, Harvard wanapiga mpira mrefu, Carlisle wanaudaka na kujikusanya pamoja kama kuku kwenye mvua. Ndani ya mkusanyiko huo Jimmie Johnson akausokomeza mpira mgongoni mwa mwenzake, Charles Dillon, chini ya jezi iliyoshonwa mpira wa kubana kiunoni. Kisha wote wakatawanyika, kila mmoja akijifanya ameubeba. Harvard wakawa wanamkamata huyu, wanamkamata yule, mikono mitupu. Dillon akakimbia uwanja mzima mikono ikining'inia, na mgongo wake umevimba. Tachidauni! Ikawa 11–0.

Na bado walipoteza, 12–11. Harvard walirudi kwenye kazi ya kilo, wakasukuma, wakafunga mara mbili na mateke yao yote mawili yakaingia. Ujanja unakupa pointi mara moja. Mara ya pili mpinzani anakagua migongo.

Kilichobadilisha mambo kweli ni sheria. Mwaka 1905 mchezo uliua vijana kadhaa, mpaka Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa vyuo. Mwaka 1906 sheria mpya zikaja: sasa ni yadi 10 kwa majaribio 3, na pasi ya kurusha mbele kwa mkono ikaruhusiwa. Vyuo vingi viliiogopa pasi hiyo, kwa sababu ikianguka chini adhabu ilikuwa nzito. Carlisle hawakuwa na cha kuogopa. Kwa mtu mwepesi mwenye mbio, pasi ni kama kufunguliwa mlango: lundo linabaki nyuma linasukumana lenyewe, mpira uko juu. Walifanya mazoezi ya kurusha mpaka ukaenda mbali na kwa shabaha. Mwaka 1907, mbele ya maelfu ya watu Philadelphia, Pete Hauser na Frank Mount Pleasant walirusha mipira ambayo Pennsylvania hawakujua waikabili vipi. Ikaisha 26–6. Msimu huo huo wakaifunga Harvard kwa mara ya kwanza, 23–15. Miguu ni ile ile, mbio zile zile. Kilichogeuka ni kwamba sasa sheria haikulipa uzito peke yake.

Halafu akatokea Jim Thorpe, Msac na Fox kutoka Oklahoma. Mwaka 1911 dhidi ya Harvard, mguu umefungwa bandeji, safari zikikwama alikuwa anapiga teke. Kufikia hapo teke la milingotini lilikuwa limeshushwa hadi pointi 3. Thorpe alipiga manne yakaingia, jumla 12, na tachidauni moja yenye teke lake ikaleta 6. Carlisle 18, Harvard 15. Huo ndio ukomavu wa timu: kujua kwamba safari iliyokwama si lazima iwe bure. Lakini mpira ni mpira. Wiki iliyofuata wakafungwa na Syracuse 12–11, mechi pekee waliyopoteza mwaka huo. Na mwaka 1912, msimu ambao walifunga zaidi ya pointi 400 na kuipiga timu ya jeshi kule West Point 27–6, kuna siku walitoka 0–0 na chuo kidogo cha Washington and Jefferson.

Mwaka huo huo Thorpe alishinda dhahabu mbili za Olimpiki kule Stockholm. Mwaka uliofuata akanyang'anywa, kwa sababu aliwahi kulipwa pesa kidogo kwa kucheza besiboli. Alikufa 1953 bila kurudishiwa. Watoto wake walipewa medali za mfano mwaka 1983, na ni mwaka 2022 tu ndipo alipotambuliwa tena kuwa mshindi pekee. Refa wa safari hiyo alichukua zaidi ya miaka 100 kubadilisha filimbi.

Na sasa yale ya Warner. Carlisle walicheza mechi nyingi ugenini, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na watu wa kulipa kiingilio. Watazamaji walikuja kuona Wahindi, magazeti yakaandika kana kwamba ni vita vya zamani vinarudiwa, na pesa zikaingia. Zilikwenda wapi? Mwaka 1914 wanafunzi zaidi ya 200 walitia saini barua ya kuomba uchunguzi. Aliyeisambaza alikuwa Gus Welch, yule yule aliyekuwa anapanga mashambulizi ya timu uwanjani. Kamati ya Bunge la Marekani ikaja shuleni, ikasikia habari za chakula kibaya, vipigo, na mfuko wa michezo uliokuwa mikononi mwa watu wachache. Mkuu wa shule alisimamishwa, Warner akahamia Pittsburgh. Mwaka 1918 shule ikafungwa. Wenyeji wote wa Marekani walikuja kupewa uraia wa nchi yao wenyewe mwaka 1924.

Kazini kwetu tunapenda kusema mpira unaponya, unaunganisha, unatoa mawazo mabaya. Nimeyaona hayo kwa macho na sitayakana. Lakini Carlisle pia walikuwa na mpira, tena mzuri kuliko wetu, na haukumrudishia mtoto lugha wala kumrudisha nyumbani. Mpira ulikuwa wao kwa dakika zile walizokuwa uwanjani. Nje ya hapo wengine walishika filimbi, wengine walishika sheria, wengine walishika pesa.

Kwa hiyo ligi ya vijana ikianza tena, naomba mambo mawili tu. Refa asitoke kwenye timu inayocheza, hata kama ni mtu mzuri. Na daftari la pesa likae mezani, wazi, ambapo mtoto yeyote anayejua kusoma anaweza kulifungua.