John Young: rubani jasiri aliyeogopa ratiba

Ukimwuliza mtu akutajie mwanaanga mmoja, atasema Neil Armstrong. Akiwa anajua mawili matatu, ataongeza Yuri Gagarin. Leo nataka tumkumbuke mwingine, ambaye kwa maoni yangu sisi tunaoandika programu za kompyuta tunapaswa kumjua kuliko hata hao wawili. Huyu ni John Watts Young, aliyefariki Houston tarehe 5 Januari 2018 akiwa na umri wa miaka 87.

Kwanza takwimu, maana zinastaajabisha. Aliitumikia NASA kwa miaka 42. Alikwenda angani mara 6, na alikuwa binadamu wa kwanza kufikisha idadi hiyo. Aliendesha aina 4 za vyombo: Gemini, chombo mama cha Apollo, chombo cha kutua Mwezini, na Shuttle. Lakini sikuandika makala haya kwa sababu ya rekodi. Nimeandika kwa sababu ya memo zake, ambazo nitazifikia.

Young alizaliwa San Francisco tarehe 24 Septemba 1930, akakulia Orlando, jimbo la Florida. Mwaka 1952 alihitimu uhandisi wa ndege pale Georgia Tech, kisha akajiunga na jeshi la wanamaji, akawa rubani wa majaribio. Kazi ya rubani wa majaribio ni kupanda ndege ambayo bado haijaaminika, kuirudisha salama, halafu kuandika ripoti ya kila kilichokwenda mrama. Hiyo ripoti ndiyo sehemu watu huisahau. Septemba 1962 alichaguliwa katika kundi la pili la wanaanga wa NASA, kundi moja na Armstrong.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Gemini 3, tarehe 23 Machi 1965, pamoja na Gus Grissom. Hicho kilikuwa chombo cha kwanza chenye watu kubeba kompyuta ndani yake, kompyuta ya IBM yenye uzito wa karibu kilo 27. Lakini magazeti hayakushughulika na kompyuta, yalishughulika na sandwichi. Young alikuwa ameingiza kwa siri sandwichi ya nyama, akampa Grissom angani, makombo yakaanza kuelea. Wabunge wa Marekani walikasirika sana, NASA ikabidi ijieleze. Wengine wangedhani kazi yake imeishia hapo, lakini mwaka 1966 aliongoza Gemini 10, na Mei 1969 akaenda na Apollo 10, ambako alikuwa mtu wa kwanza kuuzunguka Mwezi akiwa peke yake chomboni, wenzake wakiwa wameshuka karibu na uso wake.

Aprili 1972 zamu yake ya kutua ilifika. Yeye na Charles Duke walishuka na Apollo 16 kwenye nyanda za juu za Descartes, huku Ken Mattingly akibaki juu. Walikaa huko kama saa 71, wakarudi na zaidi ya kilo 95 za mawe na udongo. Walibeba pia kamera ya darubini iliyobuniwa na George Carruthers, mwanasayansi Mmarekani mweusi. Ilikuwa darubini ya kwanza kutumiwa kuchunguza nyota kutoka Mwezini.

Huko Mwezini kulitokea mambo mawili ninayoyapenda. La kwanza, Young alijikwaa kwenye waya wa kifaa cha kupima joto linalotoka ndani ya Mwezi. Waya ukang'oka, na jaribio zima likafa. Aliomba radhi papo hapo redioni, kila mtu akisikia. La pili, akiwa bado anatembea juu ya vumbi lile, aliambiwa na Houston kwamba bunge limepitisha bajeti yenye fedha za Shuttle. Alifurahi mno, akasema nchi inakihitaji sana chombo hicho. Hakujua kwamba yeye mwenyewe ndiye angekirusha mara ya kwanza.

Sasa tufike kwetu wenye kompyuta. Shuttle ilikuwa na kompyuta 5 za aina moja. Nne zilibeba programu ileile na kulinganisha majibu yao, ili moja ikipotoka nyingine ziishinde kwa kura. Ya tano ilibeba programu tofauti kabisa, iliyoandikwa na kampuni nyingine. Sababu yake ni rahisi: kosa likijificha kwenye programu ya kwanza, litakuwa kwenye kompyuta zote nne, na kura haitasaidia kitu.

Tarehe 10 Aprili 1981 Young na Robert Crippen walilala chali ndani ya Columbia wakisubiri kuruka. Zikiwa zimebaki dakika kama 20, kompyuta ya tano ilikataa kusikilizana na zile nne. Safari ikaahirishwa. Wataalamu walipochimba waligundua kwamba badiliko dogo la muda, lililofanywa kwenye programu kitambo kabla ya siku hiyo, lilikuwa limeacha mwanya. Kila programu ilipoanzishwa, kulikuwa na uwezekano wa 1 kwa 67 kwamba baadhi ya kazi zitatangulia nyingine kwa mzunguko mmoja. Kompyuta ya tano iliona data zikija mapema kuliko ilivyotarajia, ikazipuuza. Majaribio ya miaka mingi hayakuliona kosa hilo, likachagua kujitokeza mbele ya dunia nzima. Na dawa yake unaifahamu, msomaji: kuanzisha programu upya.

Waliruka tarehe 12 Aprili, miaka 20 kamili tangu safari ya Gagarin. Shuttle haikuwa imewahi kurushwa bila watu, kwa hiyo jaribio la kwanza kabisa lilikuwa na roho mbili ndani. Mapigo ya moyo wa Crippen yalifika karibu 130 kwa dakika, ya Young hayakufika 100. Alitania kwamba moyo wake umezeeka mno, hauwezi kwenda mbio zaidi ya hapo.

Safari yake ya mwisho ilikuwa Novemba na Desemba 1983, tena na Columbia, watu 6 ndani. Siku ya kurudi, viinjini vya kuelekeza chombo vilipowashwa, kompyuta moja ilizima. Dakika chache baadaye ya pili ikazima. Young alisimulia kwamba ya kwanza ilipozima magoti yalimtetemeka, na ya pili ilipozima akaishiwa nguvu kabisa. Hakukimbilia kutua. Kurudi kuliahirishwa kwa karibu saa 8 ili tatizo lichunguzwe, kisha akaishusha salama. Baadaye ilionekana kipande kidogo cha risasi ya kuungia nyaya kilikuwa kimeachia na kuleta shoti.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuwa mkuu wa ofisi ya wanaanga tangu 1974, na sifa yake ofisini ilikuwa kuandika memo. Alikuwa akiandika bila kuchoka kuhusu kila alichoona kinaweza kuua mtu. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger ilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wakafa. Wengi wao walikuwa wanaanga wa ofisi yake. Machi mwaka huo memo yake moja kali ilifika magazetini. Alikuwa ameandika kwamba sababu ya kuruhusu mtambo wenye hatari kama ile uruke ilikuwa moja tu: shinikizo la ratiba.

Mwaka 1987 aliondolewa kwenye ukuu wa wanaanga, akapewa cheo cha msaidizi maalumu wa mkurugenzi wa kituo cha Houston, kushughulikia uhandisi, uendeshaji na usalama. Rasmi ilikuwa kutumia ujuzi wake vizuri zaidi. Wengi waliona ni adhabu ya kusema. Alikuwa amepangiwa kuongoza safari ya kupeleka darubini ya Hubble. Hubble ilienda Aprili 1990 bila yeye, na hakuruka tena maishani.

Hakuondoka kwa hasira. Alikaa Houston akiendelea kuandika memo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2004, akiwa na miaka 74. Kabla ya hapo, tarehe 1 Februari 2003, aliiona Columbia ileile aliyoizindua ikivunjika ikirudi duniani, watu 7 wakafa. Kipande cha povu kutoka kwenye tangi kilikuwa kimelipiga bawa la kushoto wakati wa kuruka. Wachunguzi walipotoa ripoti yao, shinikizo la ratiba lilikuwemo tena.

Kuna watu hudhani jasiri ni yule asiyeuliza maswali. Young alipanda chombo ambacho hakijawahi kuruka, na moyo wake haukwenda mbio. Kama mtu wa namna hiyo anasema subirini, basi si woga unaomsemesha, ni hesabu. Katika kazi yetu ya programu, mwenye kusema "hii bado haijaiva" siku moja kabla ya tarehe ya kuitoa huonekana msumbufu, na mara nyingi halipwi shukrani. Young alilipwa kwa kunyang'anywa kiti alichokipenda kuliko vyote. Aliendelea kuandika miaka 17 zaidi.

Ukikumbuka jina lake kesho, usikumbuke sandwichi peke yake.